Miaka Thelathini na Tisa na Sifuri Moja

Ijumaa tarehe 29 Mei 2026, Salvör Ketilsdóttir atastaafu baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha samaki hapa Kaldeyri kwa miaka thelathini na tisa na miezi minane. Zaidi ya thelathini na sita kati ya hiyo ameikaa nyuma ya dirisha la mishahara. Sidhani kama kuna mtu katika ghuba hii ambaye hajawahi kusimama mbele ya dirisha hilo, kofia ya wavu kichwani na glavu kwapani, akiuliza kwa nini amekatwa.

Kamati ya sherehe iliniomba mimi niandike wasifu huu kwa sababu nimekaa kiti cha pili katika chumba chake kwa miaka kumi na moja. Nilipomwambia, hakuinua hata macho kwenye karatasi zake.

"Andika utakavyo, Védís," alisema. "Ila ukiandika bila kumtaja Bogna, sisimami kupokea maua."

Nilimwendea Bogna mezani kwake nikamwomba ruhusa. Alimaliza samaki aliyekuwa mkononi, akafikiri, akasema, "Andika. Lakini jina langu uliandike sawasawa." Basi ni Bogna Wilkosz, wa mstari wa minofu. Nitafika kwake.

Salvör aliingia kiwandani Septemba 1986, akiwa na miaka ishirini na saba, akaanza kwenye meza ya kukata minofu kama wengi wetu. Wakubwa wa wakati huo walimgundua kwa kelele. Kila Ijumaa bahasha za mshahara zilipogawiwa, yeye alizifungua palepale, akakokotoa kichwani, kisha akapaza sauti juu ya mlio wa mashine kutaja ni nani amepunjwa na kwa kiasi gani. Majira ya baridi ya 1989 karani wa mishahara alipohama, meneja aliona nafuu amweke ofisini kuliko kuendelea kumsikia kwenye ukumbi wa mashine.

Kompyuta ilipokuja hakuiamini. Kwa mwaka mzima aliendelea kukokotoa kila mshahara kwa mkono ili aulinganishe nayo. Mwisho wa mwaka alitangaza matokeo kwenye chumba cha kahawa: kompyuta imekosea mara mbili, Salvör mara moja. Makosa yote matatu aliyasoma kwa sauti ileile, tarehe na jina la aliyeumia. Katika droo ya juu alihifadhi samaki mkavu na kopo la siagi, akala akiandika, na inasemekana barua za kiwanda chetu zilitambulika mjini kabla hazijafunguliwa. Mpishi wa kantini alimtania kwamba atazikwa na droo hiyo. "Afadhali," alijibu. "Supu yako nimeistahimili tangu vita baridi."

Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa fomu za likizo ya uzazi. Kisheria haikuwa kazi yake kujazia watu maombi, ofisi hutia sahihi tu, lakini wengi wetu hapa tumetoka mbali na lugha ya fomu ni ngumu hata kwa waliozaliwa nayo. Kwa hiyo walikuja kwake, wanawake matumbo mbele na wanaume wakiona haya, naye aliwaeleza kwa maneno ambayo sasa nayajua kwa moyo.

"Sikiliza, kipenzi. Pesa ya likizo si zawadi. Ni mshahara uliobadilisha nguo tu, na serikali inaukata kodi kama mshahara mwingine wowote. Lakini kila mtu ana nafuu yake ya kodi kila mwezi, kiasi anachosamehewa. Nafuu hiyo inakaa pale ulipoiweka. Ukiiacha hapa kiwandani wakati hupati mshahara hapa, haikusaidii kitu, na mfuko wa likizo unaokulipa utakukata kodi tangu krona ya kwanza. Lazima useme ihamie huko. Usiposema, hakuna atakayekuuliza."

Siku moja kijana mmoja wa chumba cha barafu alimjibu, "Lakini Salvör, mimi sijazaa, amezaa mke wangu."

"Basi mkeo apumzike, wewe ukatwe kodi. Kaa hapo, tia sahihi."

Bogna alikuja kwenye dirisha Oktoba 2022, akiwa na mimba ya miezi minane. Mumewe Radek alikuwa dereva wa lori letu, yule mrefu aliyekuwa akipiga honi mara tatu kila alipotoka na mzigo. Salvör aliwakalisha wote wawili. Bogna angefanya kazi hadi katikati ya Novemba, kwa hiyo mwezi huo angepata mshahara wa kiwanda na pesa ya likizo pamoja. Salvör akaona nafuu ibaki kwanza kiwandani hadi Novemba iishe. Kwenye fomu ya mfuko, mahali panapouliza utumie kiasi gani cha nafuu yako, akaandika sifuri.

"Desemba nitabadilisha mwenyewe," alisema. "Wewe lea mtoto."

Mtoto alizaliwa tarehe 20 Novemba, msichana, wakamwita Kalina. Radek alichukua wiki mbili, na miezi yake mingine akaiweka kwa ajili ya kiangazi. Desemba ikaja na malipo ya sikukuu, na mashine mpya iliyovuruga hesabu za ukumbi mzima, na Salvör akasahau.

Tarehe 19 Januari 2023 upepo ulilisukuma lori la Radek nje ya barabara kule juu mlimani. Walimpata siku ya pili mchana. Wiki hiyo ndiyo jua hurudi juu ya mlima baada ya kutuacha gizani tangu Novemba, na kila mwaka sisi huliandalia kahawa na chapati za maji. Mwaka ule jua lilirudi siku yake, likapiga madirisha ya ukumbi kwa dakika nne, na hakuna aliyewasha jiko. Tulimzika hapa Kaldeyri. Bogna alisimama kaburini na mtoto wa miezi miwili ndani ya koti lake, na mtoto hakulia hata mara moja.

Sheria inampa mzazi aliyebaki miezi ya likizo ambayo mwenzake hakuitumia. Bogna alikuwa na haki ya kukaa na mtoto hadi mwaka uliofuata. Jumatatu tarehe 6 Machi tulimkuta amefunga aproni, amesimama mahali pake kwenye mstari. Mtoto alikuwa na miezi mitatu na nusu. Bogna alikuwa amemwacha kwa mama mmoja jirani, akimlipa kwa saa.

Mimi ndiye niliyemrudisha kwenye orodha ya mishahara. Nilifungua jina lake, nikaona nafuu ya miezi mingi imelundikana bila kuguswa, na nakiri kwamba nilifurahi. Nilijiambia, angalau mwezi huu hatakatwa kodi. Sikujiuliza ilikuwaje ikalundikana.

Alhamisi ya tarehe 30 alikuja dirishani.

"Bi Salvör, naomba sehemu ya mshahara mapema."

Yeye ndiye peke yake aliyemwita Bi. Kwao mtu mzima hatajwi jina tupu, na sisi tulimcheka kwa hilo, lakini Salvör alilipenda.

"Kipenzi, nimekuwa nikikuona huko chini na nikasema labda nyumba ni kimya mno. Una likizo hadi mwakani. Mbona umerudi?"

"Haitoshi."

"Haitoshi vipi? Si unapata asilimia themanini?"

"Napata. Halafu kodi ya serikali inakula kodi ya nyumba." Alijaribu kucheka. "Mwenye nyumba amenivumilia mwezi wa pili. Ni mtu mzuri, lakini naye ana benki yake. Fidia ya Radek wanasema iko njiani."

"Nionyeshe hati za mfuko."

Bogna alimpitishia simu. Salvör aliangalia ya Novemba, akasogeza, Desemba, Januari, Februari. Alivua miwani, akaifuta kwa sweta, akaivaa tena. Kisha aliinuka akafungua kabati la chuma, akatoa jalada la Bogna, akalifungua juu ya magoti ili mtu wa dirishani asione. Niliona mimi. Ilikuwa nakala ya fomu yenye sifuri kwa mwandiko wake wa mviringo, na juu yake kikaratasi cha njano: *Des. kubadilisha.*

Ngoja nieleze wazi, maana sisi wa chumba hiki hatuna ruhusa ya kusema mambo nusu. Likizo ya Bogna ilikuwa krona laki nne kwa mwezi. Tangu aache kazi alikatwa kodi ya takriban laki moja na ishirini elfu kila mwezi. Nafuu yake mwenyewe ingepunguza nusu. Na mjane hapa ana haki ya kutumia nafuu ya marehemu kwa miezi tisa tangu kifo. Zote mbili zikiwekwa pale, tangu mume afariki angekatwa kiasi cha mkate na maziwa.

Salvör alimpa pesa aliyoomba. Alimwambia wangeongea kesho yake, wakati wa kahawa. Bogna alipoondoka, Salvör alipanda moja kwa moja kwa meneja wetu, Eyvindur, nami nikamfuata kwa sababu sikupenda jinsi alivyoshikilia ukingo wa ngazi.

Eyvindur alisikiliza hadi mwisho. Ni mtu mwema na siku hiyo alitaka kututetea.

"Pesa haijapotea," alisema. "Hesabu ya mwaka ikifungwa, Juni mwakani watamrudishia yote. Rekebisha fomu leo, kimyakimya. Hakuna haja ya kusema nani aliandika nini. Chama cha wafanyakazi kikisikia tutaandikwa magazetini. Dereva wetu amekufa kwenye lori letu, halafu ofisi yetu inamkosesha mjane wake riziki. Unataka kusoma hayo?"

"Juni mwakani mtoto atakuwa anakimbia," Salvör alisema. "Anakula sasa."

"Ndiyo maana nasema rekebisha."

"Nitarekebisha. Na nitamwambia."

"Salvör, utamwongezea uchungu tu. Kwa faida ya nani?"

"Anadhani ndivyo sheria ilivyo. Anadhani nchi hii humfanyia mjane hivyo. Siwezi kumwacha aamini hivyo ili mimi nionekane msafi."

Eyvindur akanigeukia mimi. "Védís, wewe unasemaje?"

Nilitazama dirishani, nikasema sijui. Nilijua. Eyvindur ameisoma aya hii kabla haijachapwa, akaniambia, "Ni kweli nilisema hivyo. Iache." Basi na ya kwangu naiacha.

Kesho yake saa nne asubuhi chumba cha kahawa kilikuwa kimejaa. Salvör angeweza kumwita Bogna ofisini akafunga mlango. Baadaye aliniambia kwamba Bogna alirudi kazini mbele ya watu wote na watu wote walijiuliza kama ni tamaa ya pesa, kwa hiyo na hili lilipaswa kusemwa mbele ya watu wote. Alisimama mbele ya meza yake.

"Bogna. Nafuu yako ya kodi imekaa hapa kiwandani bure tangu Desemba. Niliandika sifuri mimi. Niliahidi kuihamisha na nikasahau."



"Ulisahau," Bogna alisema.

"Nilisahau."

"Na baada ya Radek?"

"Baada ya Radek ulikuwa na haki na nafuu yake pia. Miezi tisa. Nilijua sheria hiyo. Sikukuambia."

"Kwa nini?"

"Niliona aibu kukutajia kodi msibani. Nikajiambia chama kitakuambia."

"Chama kilisema ofisi itaniambia." Bogna aliweka kikombe chini taratibu, kama mtu anayeogopa kukivunja. "Kwa hiyo ningekuwa nyumbani."

"Ungekuwa nyumbani. Pesa yote itarudi, Juni mwakani, na kuanzia leo tutabadilisha ili..."

"Maziwa yamekauka," Bogna alisema.



"Wiki ya pili hapa. Nilikuwa nakamua chooni, kwenye baridi, dakika kumi, msimamizi anagonga mlango. Yakakauka. Hayo nayo yatarudi Juni?"

Msimamizi alikuwa amekaa meza ya nyuma na alitazama mikono yake. Salvör hakujitetea. Alisema, "Hapana. Hayo hayarudi." Kisha akabaki amesimama palepale, mwanamke wa miaka sitini na minne na sweta lake la sufu, akitazamwa na watu mia moja, hadi kengele ikalia na Bogna akainuka akampita bila kumgusa.

Mchana ule waliandika barua kwa mfuko, Bogna amekaa kwenye kiti cha wageni, mgongo wima. Kila mstari Salvör aliusoma kwa sauti kabla ya kuuandika, na Bogna aliuandika pia kwa lugha yake kwenye daftari. Nafuu yake, yote. Nafuu ya marehemu mume wake, yote. Salvör alitaka kumpa pesa yake mwenyewe kufidia ile iliyokwama hadi Juni. Bogna aliisukuma bahasha irudi kwa ncha ya kidole. Alikubali mkopo wa kiwanda, tena kwa maandishi. Tarehe mosi Mei alirudi likizoni, na malipo ya mwezi huo yalifika karibu bila kukatwa kitu. Kalina akanyweshwa maziwa ya kopo. Ni mtoto mwenye afya, namshukuru Mungu, na wiki iliyopita nilimwona akipanda ukuta wa shule. Lakini mama yake akizungumzia mwezi ule, hadi leo hukunja mikono kifuani.

Salvör aliandika barua ya kuacha kazi. Eyvindur aliisoma, akaiweka mezani. "Na nani atawalipa watu mwisho wa mwezi?" aliuliza. "Hukosei tena hili, wewe. Mwingine nitakayemwajiri bado hajalikosea." Akaichana. Salvör alirudi dirishani, na sikumwona akila chochote kutoka droo ile kwa wiki nyingi.

Tangu hapo fomu za likizo hazijazwi na mtu mmoja chumbani mwetu. Mmoja anaandika, mwingine anasoma, mzazi anarudia kwa maneno yake mwenyewe, na tarehe ishirini na tano ya kila mwezi Salvör hupiga simu kwa kila aliye likizoni kumuuliza amekatwa kiasi gani. Wengine wamechoka naye. "Salvör, mtoto ndiyo kwanza amelala!" "Vizuri, basi una nafasi ya kufungua hati." Aliandika tangazo mlangoni kwa lugha nne za ukumbini likiuliza tu: nafuu yako iko wapi? Wazazi ishirini na sita wamepita hapo tangu mwaka ule, na hakuna aliyekatwa krona isiyostahili. Wenzetu wa viwanda vya ghuba jirani wameiga utaratibu huo, na chama cha wafanyakazi kiliutoa kama kijitabu mwaka jana. Jina la Salvör halimo. Alikataa.

Kuhusu Bogna, nisingependa msomaji adhani mambo yaliisha kwa kukumbatiana. Pesa ilirudishwa Juni 2024, yote, kama Eyvindur alivyosema. Bogna alilipa mkopo siku hiyohiyo. Tangu asubuhi ile ya chumba cha kahawa hajamwita tena Bi. Lakini kila mwisho wa mwezi, miaka mitatu sasa, huja dirishani na hati yake ya mshahara, huiweka mbele ya Salvör bila salamu, na Salvör huipitia mstari kwa mstari kwa kidole. "Mshahara sawa. Pensheni sawa. Kodi sawa. Nafuu sawa." Bogna huitikia kwa kichwa, hukunja hati, huondoka. Niliwahi kumuuliza Salvör kama anaumia kwa kutosamehewa. Aliniambia nisiulize mambo ya kijinga. Mtu asiyekuamini, alisema, hakuletei karatasi yake.

Jumatano iliyopita Bogna alikuja kabla ya tarehe zake. Salvör aliipitia hati kama kawaida, kisha akasimama, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akaninyooshea mkono.

"Kuanzia Juni ni Védís."

Bogna alinitazama kupitia kioo.

"Wewe husahau?" aliniuliza.

Nilikuwa na majibu mazuri mengi. "Nasahau," nilisema.

"Haya. Nitakuja kila mwezi."

Alipofika mlangoni alisimama, akageuka nusu. "Ijumaa kuna keki?" alimuuliza Salvör.

"Ya krimu. Na mezani kuna kiti."

"Nina zamu hadi saa tisa," Bogna alisema, akaondoka. Sisi wawili hatujui mpaka sasa kama lile lilikuwa jibu la ndiyo au la hapana. Salvör ameagiza keki kubwa kuliko ilivyopangwa.

Salvör, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa kiwanda, waliolipwa na wewe kwa haki miezi yote ile, na kwa niaba ya mmoja ambaye kwa miezi minne haikuwa hivyo, tunakushukuru. Nenda ukapumzike kwa dada yako na kondoo zake. Usingizi wako uwe mzito, magoti yako yakuvumilie, na tarehe ishirini na tano ya kila mwezi ikupite bila wewe kujua kwamba imefika.

Védís, chumba cha mishahara